Bernadi Anafundishwa Kulaza Nyasi

Nafasi ilikuwa moja, na Bernadi alikwisha kuihesabu kuwa yake kabla haijatangazwa.

Alikuwa na sababu zake. Miaka saba alikuwa fundi wa maabara ya maji katika tawi la chuo kikuu pale Mbinga, ndani ya jengo lililokuwa zamani ghala la kahawa. Maabara ya maji ndivyo watu walivyoiita. Jina lake la kwenye barua lilikuwa Maabara ya Mwendo wa Vimiminika, na mlinzi wa getini hakuwahi kulimaliza bila kuvuta pumzi katikati. Mfereji mkubwa wa kioo, mita tisa kutoka pampu hadi tangi, Bernadi ndiye aliyeufunga kwa mikono yake. Pampu ikigoma aliitwa yeye. Mwanafunzi akivunja kipimo, alikuja kulia kwake. Baadaye naye akajiandikisha kusoma uzamili huku akiendelea na ufundi wake, na Daktari Hilda, mkuu wa maabara, mtu wa Iringa asiyependa maneno mengi, akamdokeza kwamba kutakuwa na ufadhili wa mtu mmoja kwenda kusoma uzamivu. Atakayeupata atarudi kuwa mhadhiri hapohapo. Jioni ile Bernadi alitembea kwenda nyumbani na tayari alikuwa mhadhiri, kilichobaki ni wengine kuarifiwa.

Kisha akaja Safina.

Safina alikuwa binti wa Mzee Kombo, mwenye duka la nyavu na vitenge kule Mbamba Bay, kandokando ya ziwa. Babu yake ndiye aliyehamia kutoka Kilwa. Alikuwa msichana mwembamba, mwenye ushungi uliofungwa vizuri na maswali yasiyokwisha, na alimwita Bernadi "kaka" tangu siku ya kwanza. Bernadi alimpenda kwa muda wa miezi miwili hivi. Alimfundisha kuwasha pampu, kusoma vipimo, kumimina rangi ya zambarau ndani ya maji ili njia ya maji ionekane. Mtu humpenda sana mwanafunzi wake wakati bado ni mwanafunzi.

Mambo yaliharibika siku Safina alipopanda barabara ya Litembo kutafuta mada ya utafiti. Alirudi na viatu vimejaa udongo, akamkuta Bernadi amejiinamia kwenye kazi yake mwenyewe, yaani mfereji wa kuoshea kahawa, kupima jinsi kahawa nzito inavyozama na nyepesi inavyochukuliwa na maji.

"Kaka Bernadi, nimeziona ngoro," alisema. "Mlima mzima umetobolewa mashimo, mraba kwa mraba, na mvua ya jana haikuacha hata mfereji mmoja wa mmomonyoko. Nani amewahi kupima maji yanavyokwenda mle ndani?"

Bernadi alicheka. "Hayo ni mambo ya mama zetu, Safina. Hiyo si sayansi, ni jembe."

Alicheka, akainamia tena kahawa yake. Lakini yeye ni Mmatengo. Ngoro zile alizaliwa juu yake. Na miaka miwili nyuma Daktari Hilda alikuwa amempa mada hiyohiyo, akaikataa, kwa kuwa hakutoka kijijini, akapita seminari, akafika chuo kikuu, ili aje kuandika habari za mashimo ya maharage. Alikuwa ameitupa mwenyewe. Sasa mtoto wa mwenye duka ameiokota, ameipangusa vumbi, nayo inang'aa.

Kung'aa kweli iling'aa. Safina alifinyanga mteremko mdogo wa udongo, akatoboa mashimo, akatengeneza matuta kwa nyuzi za katani zilizofukiwa, kwa kuwa kwenye ngoro za kweli kila tuta lina nyasi ndani yake. Akaleta mvua ya bomba. Akamimina rangi. Rangi haikukimbia kutoka shimo hadi shimo kama kila mtu alivyotarajia. Ilizunguka ndani ya shimo, ikatulia, ikaacha tope lake chini, kisha maji masafi yakapenya taratibu ndani ya tuta na kutokea upande wa pili. Daktari Hilda aliinama mbele ya kioo kwa muda mrefu. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa ajili ya kahawa ya mtu yeyote: alitoka nje akaita watu waje waone.

Siku ile kijiba cha roho kilimkaa Bernadi na hakikutoka tena. Tusimpambe. Alianza mambo madogomadogo ya aibu. Kipimo kizuri cha kasi kikawa "kimepelekwa matengenezo" wakati kiko kabatini mwake. Zamu za mfereji mkubwa, Safina akapangiwa Ijumaa mchana, saa ya sala. Safina alishukuru, akaomba kubadilishana na mwenzake, akaendelea. Hilo nalo lilimuuma Bernadi, maana kumwonea mtu asiyejua kwamba anaonewa ni kazi isiyo na malipo.

Kibaya zaidi, Safina alikwenda kijijini kwao Bernadi. Alimwaga kwa adabu zote, "Kaka, nakwenda kwenu kujifunza kuchimba," naye hakupata la kukataa. Alishinda siku tatu kwa mama yake Bernadi, mjane aliyeitwa Kunigunda, akashika jembe mpaka viganja vikatoka malengelenge. Tangu hapo Bernadi akipiga simu nyumbani, mama alijibu salamu yake haraka haraka, kisha akauliza: "Na yule binti yangu hajambo?"

Binti yangu. Bernadi alikata simu akakaa akiitazama.

Mwezi wa kumi na mbili tangazo likatoka. Jopo la watu watatu, likiongozwa na Profesa Ilyasi, lingefika wiki ya pili ya Januari kuona kazi za wote wawili na kuamua nafasi ni ya nani. Kwa Safina walitoa sharti: nyuzi za katani hazitoshi. Wanataka udongo wa kweli na nyasi za kweli, ndani ya mfereji mkubwa, kwa mwinamo wa milima yenyewe.

Siku chache kabla ya jopo, mchanga laini wa kuchujia maji uliisha, na mchanga mzuri uko ziwani. Bernadi na Safina waliteremka na gari la chuo hadi Mbamba Bay, kutoka baridi ya Mbinga hadi joto la ufukweni, kona baada ya kona. Walijaza magunia sita. Kisha Safina akasema hawawezi kuondoka bila kumsalimia baba.

Mzee Kombo aliacha wateja akatoka nje ya kaunta.

"Shikamoo, mzee," alisema Bernadi.

"Marahaba, mwalimu. Wewe ndiye mwalimu wake, sivyo? Kila wiki tunasikia kaka Bernadi, kaka Bernadi." Alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mimi darasa la saba, sijui hata anasoma nini. Maji, anasema. Nikamwambia maji si haya hapa, baba yako nimekaa nayo miaka sitini? Lakini nasikia atakuwa daktari wa maji. Inshallah."

Akaagiza wali na samaki mbasa, akamkalisha Bernadi kwenye kiti pekee chenye mto, akamwita jirani aje amwone mwalimu wa binti yake. Bernadi alikula. Samaki alikuwa mtamu. Mzee huyu alikuwa amekwisha kumpa binti yake nafasi, kama Bernadi alivyokwisha kujipa. Baba yake mwenyewe, marehemu Steven, alikufa kabla hajamwona hata akivaa joho la shahada ya kwanza.

Walipokuwa wanarudi, gari likipanda milima, Safina alitoa daftari.

"Kaka, limebaki jambo moja. Kuchimba nimefundishwa na mama. Lakini nyasi walikataa kuniambia. Walisema kukata na kulaza nyasi ni kazi ya wanaume, wao hukuta miraba imeshalazwa, wanachimba katikati na kufukia. Mama akasema, muulize Bernadi. Nyasi zinakatwa lini?"

Hapa Bernadi angeweza kusema kweli, na kweli ilikuwa fupi. Nyasi hukatwa, huachwa juani wiki nzima mpaka zinyauke na kulegea, ndipo zinalazwa. Alilijua hilo tangu ana miaka minane. Baba yake alimfundisha kwenye shamba lao nyuma ya kilima, mahali pasipoonekana na jirani yeyote, akimshika viganja kutoka nyuma na kumwongoza, shada juu ya shada, wala hakuwahi kumpandishia sauti.

"Asubuhi," alisema Bernadi. "Zinakatwa asubuhi, zinalazwa siku hiyohiyo, zikiwa mbichi."

"Mbichi?"

"Zikikauka zinakatika. Mbichi zina nguvu, zinashikilia tuta."

Maneno yalikuwa na sura ya sayansi. Safina aliandika, akapiga mstari chini yake. "Asante, kaka," alisema. "Ningekosea." Bernadi akabadili gia.

Siku ya jopo Safina alikata nyasi alfajiri nyuma ya maabara, akazilaza mraba kwa mraba ndani ya mfereji mkubwa, akachimba mashimo kwa kijiko cha bustani kama alivyofundishwa, akafukia. Palipendeza. Mtu asiyejua angesema ni kipande cha mlima kimekatwa kikaletwa ndani. Bernadi alikuwa kwenye kona yake na kahawa yake.

Ndipo gari la chuo likasimama mlangoni wakashuka wanawake sita wa kijijini kwao, wamevaa vitenge vipya vya Krismasi. Safina alikuwa amewaalika bila kumwambia Bernadi, akitaka jopo liwaone walimu wake. Wa mbele alikuwa mama yake Bernadi. Nyuma yake alikuja jirani yao Clemence, mwenye ulimi usiolala.

Bado ulikuwepo muda. Mvua ya bomba haijafunguliwa. Bernadi angemvuta Safina pembeni akamwambia, kaka yako amekosea, tuombe siku nyingine. Alimwamkia mama yake, akamletea kiti, akarudi kwenye kona yake. Muda ukapita.

Kazi ya kahawa ilitangulia. Maji yalikwenda, kahawa nzito ikazama, nyepesi ikaondoka, jopo likaandika. Hakuna aliyeinama mbele ya kioo.

Kisha Safina akasimama mbele ya watu. "Kuchimba nimefundishwa na mama Kunigunda na wenzake hawa," alisema. "Kulaza nyasi nimefundishwa na kaka Bernadi, Mmatengo mwenyewe. Bila wao mimi nisingejua kitu." Na kwenye bango lililokuwa ukutani, Bernadi aliliona jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa.

Mvua ilifunguliwa. Dakika tano za kwanza mashimo yalijaa vizuri, na Profesa Ilyasi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Dakika ya nane, tuta la tatu kutoka juu lilianza kunyanyuka. Mabua mabichi yalikuwa yanajinyoosha, yanasukuma udongo uliokuwa juu yake, na maji yakapata njia yakateleza kufuata mabua. Tuta likafunguka. Shimo la juu likamwagikia la chini, la chini likamwagikia lililofuata, na kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi mteremko wote ulishuka ukajikusanya chini ya mfereji, tope na nyasi pamoja.

Wanawake walikuwa wamekwisha kuinuka.

"Nyasi mbichi," alisema Clemence, kwa Kiswahili, ili wageni nao wapate. "Nani analaza nyasi mbichi? Hata mtoto wa kwetu hafanyi hivyo." Akaanza kucheka, wengine wakamfuata, mpaka wakakumbuka jina lililotajwa. Wakamgeukia Bernadi.

Safina naye alimgeukia. Bernadi alitafuta hasira usoni mwake na hakuiona. Alikuwa anamhurumia.

"Bwana Bernadi," Profesa Ilyasi aliuliza, "ndivyo mnavyofanya kwenu?"

"Ndivyo nilivyokuwa najua, Profesa," alisema Bernadi.

Hapo macho yake yakakutana na ya mama yake. Kunigunda ndiye aliyekuwa akichimba na kufukia kwenye miraba ile nyuma ya kilima, miraba aliyoilaza mwanawe likizo baada ya likizo. Hakuna mtu mwingine duniani aliyelijua hilo, maana aliyekuwa analijua alikuwa kaburini. Alimtazama Bernadi, akamtazama yule binti aliyeshika kijiko chenye tope, akamtazama tena Bernadi, na Bernadi alijua kwamba mama ameshamaliza kusoma kila kitu.

Kunigunda alifunga kitenge chake vizuri.

"Msimlaumu mtoto," alisema. "Kosa ni la kwetu. Baba yake hakumfundisha. Marehemu hakuwa na subira na watoto. Huyu akikosea kidogo alimfukuza shambani, mpaka nikasema basi, mwache akae na daftari zake. Ameenda seminari hajui kulaza nyasi. Amekuwa mkubwa anaona aibu kusema hajui. Nami nilipomtuma binti kwake nilidhani amekwisha kujifunza kwa wenzake."

Wanawake walilegeza nyuso zao. Clemence alisema pole. Bernadi alisimama pale akimsikia baba yake, mtu aliyemshika viganja, akigeuzwa kuwa mkali asiye na subira mbele ya watu wa kijiji chake na wageni watatu wenye kalamu. Neno moja lingemrudishia marehemu jina lake. Lingemaliza pia habari ya uhadhiri, na kumwonyesha Bernadi alivyo. Alifungua mdomo. Profesa Ilyasi akageuza ukurasa, na Bernadi akafumba mdomo.

Wiki mbili baadaye barua ilitoka. Nafasi ilikuwa ya Bernadi. Safina aliandikiwa kwamba mada yake ni nzuri, arudie majaribio kwa mwaka mmoja mwingine. Alikuja kumpongeza kwa mikono miwili, amebeba mfuko wa usipa wakavu, dagaa wa ziwani, kutoka kwa baba yake. "Mzee anasema mwalimu amestahili," alisema. Bernadi aliuweka mfuko juu ya meza, na usipa wale hakuwahi kuwala. Furaha aliyoingojea mwaka mzima aliitafuta ndani yake akakuta mahali ilipopaswa kukaa pamejaa maneno ya mama yake.

Mama yake hakupiga simu mwezi mzima. Mwanzoni mwa Machi, msimu wa nyasi ulipofika, alipiga.

"Njoo Jumamosi," alisema. "Nimekwisha kuwaambia watu kwamba nitakufundisha. Watashangaa usipoonekana."

"Mama, ile siku..."

"Jumamosi," alisema mama, akakata.

Alipofika alimkuta Safina yuko shambani tangu asubuhi, sketi ameipandisha juu ya suruali, ushungi ameukaza. Nyasi zilikuwa zimekatwa siku nane kabla, zimenyauka vizuri, rangi ya kahawia. Na safari hii shamba la nyuma ya kilima lilikuwa na watazamaji. Clemence na mumewe Placidi walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa juu na majirani wengine wawili, wamekuja kusaidia, na pia kuona mjane akimfundisha mwanawe msomi kazi ya wanaume.

Kunigunda alianza na Safina. Alisimama nyuma yake, akamshika viganja, akamwongoza, shada la kwanza, shada la pili juu ya mwisho wa la kwanza. "Eeh, mwanangu. Hivyo hivyo. Una mkono mzuri wewe."

Bernadi alichukua nyasi zake. Hakukusudia chochote, mikono yake ilianza kazi yenyewe. Mashada matatu yalikaa chini yamenyooka, ncha chini ya shina, kona imefungwa, kama yalivyokuwa yakikaa miaka ishirini na mitano iliyopita. Moyo wake ulitulia kidogo, mara ya kwanza tangu Januari.

Kivuli cha mama yake kikamfunika. Aliinama karibu na sikio lake, akasema kwa Kimatengo, taratibu, ili yule binti asielewe na wale wa ukingoni wasisikie:

"Kosea. Wanatutazama."

Bernadi alimwangalia. Hakukuwa na hasira katika uso ule, ila uchovu. Uongo alikuwa ameusema yeye mama, mbele ya watu, juu ya mumewe, na sasa ulipaswa kulishwa na kutunzwa mpaka mmoja wao afe. Bernadi akayavuta mashada matatu, akayalaza upya, kombo, mashina juu.

"Siyo hivyo, mwanangu," Kunigunda alisema kwa sauti, kwa Kiswahili. "Utasombwa na mvua ya kwanza. Tazama mwenzako."

Huko juu Placidi alisema, "Atajua tu, mwacheni," na Clemence akacheka kwa wema.

Safina alisogea akapiga magoti kando yake. "Usijali, kaka," alinong'ona. "Hata mimi asubuhi nilikuwa nakosea." Akamtoa nyasi mikononi, akamlazia mraba mmoja, polepole, ili apate kuona. Aliulaza vizuri. Aliulaza sawasawa na marehemu Steven, na Kunigunda alikuwa amesimama juu yao akiutazama mraba ule, macho yamemjaa machozi.

Bernadi, mwenye barua ya nafasi ndani ya mfuko wa shati, alimwonea Safina wivu kuliko siku zote. Kisha akachukua shada jingine, watu wakitazama, akakosea tena.